Sherehe na safari ukiwa mwanafunzi mgeni Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hii ni ya nyinyi mliotoka Arusha, Kampala, Bujumbura, Kigali, Goma, Juba na kwingineko mkaja kusoma hapa Nairobi. Kila semista maswali ni yale yale, saa nyingine yanaulizwa na mtu huyo huyo, kwa hivyo tumeyaweka pamoja. Nusu ya shida zote hapa zinatokana na jambo moja, una kalenda mbili kichwani, ya kwenu na ya Nairobi, na wengi wanapanga safari kwa ile ya kwao tu halafu wanashangaa nauli imepanda mara mbili na basi limejaa.

Sikukuu za Kenya ni zipi, na ni gani inafunga mji kabisa?

Mwaka Mpya 1 Januari, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, Madaraka 1 Juni, Mazingira 10 Oktoba, Mashujaa 20 Oktoba, Jamhuri 12 Desemba, Krismasi na tarehe 26. Idd-ul-Fitr ni sikukuu pia, na ile Idd ya kuchinja serikali inaitangaza kwenye gazeti rasmi, wakati mwingine siku chache tu kabla, so usimwambie lekchara "kesho hakuna klasi" kabla hujaona tangazo. Sikukuu ikiangukia Jumapili basi Jumatatu inakuwa ya kupumzika. Ile ya 10 Oktoba imebadilishwa jina mara kadhaa, ilikuwa ya Moi, ikawa Huduma, ikawa Utamaduni, na tangu 2024 ni Mazingira, watu wanatarajiwa kupanda miti. Ukisikia mtu anaitaja kwa jina la zamani usibishane naye.

Inayofunga mji ni Krismasi peke yake. Zingine maduka yako wazi, matatu zinatembea, na kusema kweli Nairobi ya siku ya Madaraka asubuhi ni tamu, hakuna foleni, unatoka Roysambu hadi tauni, yaani katikati ya mji, kabla wimbo wa pili kuisha.

Siku kuu ya nchi yangu hapa ni siku ya kawaida na nina CAT (mtihani mdogo wa katikati ya semista). Tunasherehekeaje?

Mnasogeza. Hakuna aliyekufa kwa kusherehekea uhuru siku tatu baadaye. Angalia tu sikukuu ya Kenya iliyo karibu na yenu mbebwe nayo. Watanzania, 9 Desemba yenu iko jirani kabisa na Jamhuri ya 12, fanyeni siku hiyo ya 12 na mtaona hata Wakenya wanakuja kula. Waganda ndio wenye bahati kuliko wote, uhuru wao ni 9 Oktoba na kesho yake 10 Oktoba Kenya nzima imelala, yaani mnakesha bila wasiwasi. Siku ya Nyerere 14 Oktoba inasogea vizuri hadi Mashujaa.

Wenye shida ni nyinyi wa katikati ya mwaka: Kongo 30 Juni, Burundi na Rwanda 1 Julai, Rwanda tena 4 Julai, Sudan Kusini 9 Julai. Hapo Kenya haina sikukuu yoyote, chukueni Jumamosi inayofuata na muweke mchana, si usiku, sababu iko kwenye swali linalofuata. Kuna mwaka watu wa Bujumbura na wa Kigali walifanya moja kwa pamoja kwa kuwa tarehe ni ile ile, ngoma zikapigwa, na ukumbi ukalipwa nusu nusu. Mimi naona hiyo ndiyo akili.

Waethiopia wao wana kalenda yao kabisa, Mwaka Mpya 11 Septemba na Krismasi 7 Januari. Ukiwa na rafiki Mhabeshi una Krismasi mbili, usiache ya pili ikupite, doro wat, ule mchuzi wao wa kuku, haiji kila siku.

Kwa nini kila mtu ananiambia nisipange safari 25 Juni na 7 Julai?

Mtanzania akisikia Saba Saba anafikiria maonyesho ya biashara Dar, watoto na soda. Nairobi 7 Julai ni siku ya maandamano, tangu 1990 watu walipodai vyama vingi. Na 25 Juni ni kumbukumbu ya 2024, siku vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha wakaingia Bungeni na watu wakauawa. Tarehe 7 Julai 2025 polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya mji toka asubuhi, waliokuwa na basi la saa mbili wakabaki huko nje na mabegi.

Kwa hivyo hizo siku mbili usikate tiketi ya basi linaloondokea tauni, kama lazima usafiri basi ondoka siku moja kabla. Kama una ndege, lala karibu na uwanja ama utoke usiku. Pasipoti yako iwe nyumbani salama, ubebe kopi. Na maoni yako kuhusu siasa za Kenya, hata kama unayo mazuri, kumbuka wewe ni mgeni mwenye pasi ya mwanafunzi.

Krismasi nirudi nyumbani au nibaki? Tiketi nikate lini?

Hili ndilo swali kubwa kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza uelewe Nairobi inafanya nini Desemba. Huu mji karibu kila mtu ana kwao kwingine, na ikifika wiki ya kabla ya Krismasi wote wanataka kwenda ocha, yaani kwao mashambani, kwa siku zile zile chache, wanaelekea magharibi, Nyanza, Mlima Kenya, Pwani. Halafu kuanzia 1 Januari hadi shule zifunguliwe wote wanarudi. Nauli inafuata hilo wimbi. Kwenda nje ya Nairobi tarehe 20 hadi 24 ni ghali na ni kusukumana, lakini kuingia Nairobi siku hizo hizo magari yanakuja karibu matupu. Januari inageuka kinyume.

Sasa wewe wa Kampala au Kigali utasema hayo ya Wakenya hayanihusu. Yanakuhusu sana, kwa sababu basi lako linapita barabara ile ile ya Nakuru, na viti vya Kampala vinauzwa kwa watu wanaoshukia Kisumu na Busia. Pia foleni ya Naivasha na Gilgil haiulizi umebeba pasipoti ya wapi, watu wameshalala hapo barabarani hadi asubuhi. Kwa upande wa Arusha na Moshi kuna Wachaga, na Mchaga na Krismasi ya nyumbani hawatenganishwi, basi za huko zinajaa mapema kila mwaka.

Ushauri wangu: kama mitihani inaisha wiki ya pili ya Desemba ondoka hapo hapo, usikae kuzungukazunguka ukisubiri rafiki. Ratiba ya mtihani ikitoka tu, kata tiketi. Ila usikate kabla ratiba haijatoka, vyuo vya hapa vinaweza kusogeza mtihani wiki nzima, na pesa ya tiketi ya bei rahisi hairudi. Kama mtihani wako wa mwisho ni tarehe 19 au 20, wewe subiri, pumzika, ondoka tarehe 25 yenyewe asubuhi. Inaonekana vibaya lakini barabara ni nyeupe, na unafika jioni watu bado wanakula. Kurudi, rudi ama kabla ya 31 ama baada ya watoto wa shule kurudi, ile wiki ya kwanza ya Januari kaa kwenu ule.

Na kuna wa kubaki. Nairobi ya Krismasi ni kimya ajabu, mama mboga amefunga, kibanda cha chapati kimefunga, hadi keateka (msimamizi wa nyumba za kupanga) ameenda kwao. Nunua chakula mapema. Kama unakaa hosteli ya chuo uliza kwa maandishi kama inafungwa likizo, kuna hosteli zinawatoa watu wote na hukumbushwi hadi siku mbili za mwisho.

Naenda Tanzania kwa basi. Pale Namanga inakuwaje?

Namanga iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi, halafu kama 110 zaidi hadi Arusha. Mpaka ni wa kituo kimoja, yaani unashughulikiwa mara moja tu kwenye jengo la nchi unayoingia: ukienda Tanzania unapita jengo la upande wa Tanzania, dirisha moja Mkenya anakugongea muhuri wa kutoka, lingine Mtanzania wa kuingia. Ukirudi ni jengo la Kenya. Hakikisha mihuri yote miwili ipo kabla ya kutoka mlangoni, ukikosa wa kutoka mambo yataharibika siku utakapoomba pasi upya na umeshasahau kwa nini.

Kabla ya kushuka piga picha namba ya basi na uchukue namba ya simu ya konda. Mabasi pale yanapanga mstari na yanafanana, na dereva hasubiri mtu aliyeenda kununua maziwa ya mgando. Wale vijana wanaokukimbilia na mabunda ya noti, wapite tu, badilisha pesa kidogo duka la forex ukiwa bado Nairobi. Na ubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaweza kuiuliza. Ukichomwa mara moja kadi hiyo siku hizi inafaa maisha yako yote, tangu Julai 2016, kwa hivyo mtu akikuambia imeisha baada ya miaka kumi muonyeshe mlango wa daktari wa afya wa mpakani umuulize huyo.

Kwani si sisi ni Afrika Mashariki, kitambulisho hakitoshi?

Inategemea unavuka wapi. Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana, tangu 2014 raia wao wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania na Burundi hawamo kwenye hiyo, huko ni pasipoti ama hati ya dharura ya kusafiria. Na hata kama wewe ni Mnyarwanda unayeweza kupita na kitambulisho, ukiwa mwanafunzi beba pasipoti tu, kwa sababu pasi yako ya kusoma inasomana na pasipoti, na ofisa akikuuliza unafanya nini Kenya miaka miwili huwezi kumjibu kwa kitambulisho.

Hiyo pasi ya mwanafunzi inaingiaje kwenye mambo ya safari?

Inaingia kila mahali. Ukiingia kama raia wa Afrika Mashariki unapewa hadi miezi sita ya kutembea, na wengi wanafikiri hiyo inatosha, wanasoma nayo. Haitoshi, kusoma unahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji, maombi ni mtandaoni, na kwa raia wa Jumuiya ni bure. Ukikaa zaidi ya siku 90 pia unajiandikisha upate ile kadi ya wageni.

Kwa safari, jambo ni tarehe. Kabla ya kukata tiketi yoyote fungua pasi uangalie inaisha lini. Usitoke nje ya Kenya ikiwa imebaki wiki moja ukitumaini utaifanya upya ukirudi, na usitoke ikiwa imeshaisha, hapo mpakani ndipo wanapohesabu siku. Kila chuo kina ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na mtu wa muhimu kuliko mkuu wa kitivo hapo chuoni ni yule dada au yule mzee anayeandika barua za Uhamiaji. Msalimie hata kama huna shida. Mpelekee makaratasi mapema kwa sababu Novemba kila mtu anakumbuka kwa pamoja.

Njia ya Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma kwa sasa ikoje?

Kampala ni rahisi, mabasi mengi yanaondoka jioni upande wa River Road na Accra Road, unavuka Busia au Malaba usiku, asubuhi uko Kampala. Kitu ambacho wageni hawajui ni 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda. Wakatoliki na Waanglikana kutoka Kenya nzima wanaenda Namugongo, wengine kwa miguu, na mabasi ya wiki ya mwisho ya Mei yanajaa mahujaji. Ukiwa na safari siku hizo kata mapema ama jiunge nao, wanaimba njia yote.

Kigali unapitia Kampala halafu mpaka wa Gatuna, uliofunguliwa tena Januari 2022 baada ya kufungwa karibu miaka mitatu. Bujumbura zamani watu walipitia Rwanda, lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, kwa hivyo njia ya wengi ikawa kupitia Tanzania, na ni safari ndefu, panga kulala njiani badala ya kujitesa. Goma, tangu waasi wa M23 waingie Januari 2025 uwanja wa ndege ulifungwa, wenye familia huko wanajua zaidi yangu. Usisafiri kwa kusikia tu kwamba "kumetulia," piga simu kwa mtu aliyepita wiki hiyo.

Mimi siwezi kurudi kabisa, kwetu kuna vita. Hizo sikukuu nafanya nini?

Usikae peke yako ndani ya chumba ukiangalia status za watu, hiyo nakuambia kama ndugu. Wakongo wako wengi Kayole na Kasarani, kuna makanisa yanayoabudu kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, na huko mtu mgeni haulizwi mara mbili, anapewa sahani. Wanafunzi wenzako Wakenya nao wakikualika kwao Krismasi, nenda. Mkenya akisema "twende kwetu Kakamega" hasemi kwa adabu tu, mama yake ameshaambiwa. Beba sukari, majani ya chai, unga wa ngano na mafuta, hizo nne zinapokelewa kila boma, na usiende mikono mitupu ukasema hukujua cha kubeba. Ukifika salimia wazee kwanza kabla ya kuuliza waifai.

Idd Nairobi tunaswali wapi na pilau tunapata wapi?

Wengi wanaswali uwanja wa Sir Ali Muslim Club kule Ngara, wengine Msikiti wa Jamia katikati ya mji, halafu Eastleigh na Kibra kila mtaa una pake. Fika mapema, saa moja asubuhi watu wameshajaa. Usiku wa kuamkia Idd pita Eastleigh hata kama hununui kitu, maduka yako wazi usiku, nguo, hina, halua, watoto hawalali.

Pilau utaalikwa, hilo usiwaze. Ila kama mmeamua kupika wenyewe hosteli, mbuzi tafuteni Kiamaiko, bei yake iko chini kuliko buchari za mitaa ya wanafunzi, na nendeni na mtu anayejua kuchagua. Mwezi ukiwa haujaandama msiweke oda ya keki ya tarehe fulani, kila mwaka kuna watu wanakula keki ya Idd siku ya thelathini ya kufunga, jioni, wakiwa wamenuna.

Tunataka kufanya bash kwa nyumba. Majirani?

Mwambie keateka kabla, siyo baada. Mwambie siku, saa ya kuanza na saa ya kuzima muziki, na siku yenyewe mpelekee chakula. Keateka aliyekula kwako anakutetea kwa landilodi. Saa nne usiku shusha spika, sheria ya makelele ipo, na jirani mwenye mtoto mchanga hatapiga simu kwako, atapiga kituoni.

Mambo ya michango, wekeni mtu mmoja wa kushika pesa na laini yake ya M-Pesa, kila anayetuma jina linaandikwa kwenye grupu la WhatsApp. Wakenya wamezoea hivyo tangu utotoni, harusi, matanga, kila kitu ni mchango na orodha. Msianze na "kila mtu atoe anachoweza", mtapata watu sitini wa kula na kumi wa kulipa. Wekeni kiasi, hata kama ni kidogo, na siku ya mwisho. Anayesema atalipa mlangoni halipi.

Kurudi nyumbani usiku watu waite teksi ya apu waondoke wawili wawili, wasitembee hadi stejini wakiwa na simu mkononi.

Chakula cha kwetu nakipata wapi?

Karibu chote kipo, kimejificha tu. Ndizi za matoke zimejaa Marikiti na sokoni kwingi. Dagaa ni omena, hata za ziwa lile lile. Sombe na fufu ulizia Wakongo wa Kayole wakuelekeze kwa mama anayeuza, hazina bango. Chakula cha Kihabeshi kiko Eastleigh kwa bei ya mwanafunzi, na Kilimani kwa bei ya mjomba aliyekuja kutembea. Kitu kimoja sijawahi kuona kikipatikana vizuri hapa ni chipsi mayai kama za Dar. Wanajaribu, tuwaombee.

Mwaka Mpya tunahesabu saa ya wapi?

Za pande zote mbili! Kenya, Uganda na Tanzania saa ni moja, lakini Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, na Sudan Kusini tangu Februari 2021, wako nyuma kwa saa moja. Hapa ikigonga saa sita usiku, Bujumbura bado ni saa tano. Pigia majirani makelele ya kwanza, halafu saa saba kasoro tafuta netwaki upige nyumbani. Na hii saa moja ndiyo inayowakosesha watu mabasi ya kurudi: simu imebadilika yenyewe, saa ya ukutani haijabadilika, tiketi imeandikwa saa ya huko. Uliza kituoni.

Makanisa ya hapa karibu yote yana kesha la 31 Desemba, hata kama hujaokoka utapata kiti na chai.

Wikendi ndefu na pesa kidogo, niende wapi?

Mombasa kwa SGR, ile reli mpya, wengi wanaanza nayo. Treni inatoka Syokimau hadi Miritini, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500, tangu Januari 2024. Unalipa kwa M-Pesa, unaandikisha namba ya pasipoti na siku ya safari uende na hiyo hiyo pasipoti, kopi haitoshi mlangoni. Pasaka, Agosti na Desemba tiketi zinaisha mapema kabisa. Syokimau ni mbali na tauni, kuna treni ndogo ya kukupeleka kutoka stesheni ya katikati ya mji, na Miritini nako siyo Mombasa yenyewe, bajeti nauli ya kuingia kisiwani. Kaa upande wa dirisha ukipita Tsavo, ndovu wanaonekana wengi wakiwa wekundu kwa vumbi.

Kama ni siku moja, Naivasha. Matatu kutoka tauni, halafu Hell's Gate unakodi baiskeli unapita katikati ya pundamilia na twiga bila gari, kuna mbuga chache sana Afrika unaruhusiwa hivyo. Malipo ya mbuga za serikali ni mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, usibebe keshi, na chagua bei ya raia wa Afrika Mashariki, siyo ya mgeni, tofauti ni kubwa mno. Usiende Naivasha wiki ya mashindano ya magari ya Safari Rally, siku hizi ni Machi, ama nenda ukijua kwamba vyumba vyote vimeshachukuliwa na watu wa Nairobi waliokuja kwa kila kitu isipokuwa magari.

Bure kabisa ama karibu na bure: Ngong, Arboretum, na msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai alipigwa 1999 akiuzuia usigawiwe matajiri. Ngong nendeni kundi. Machi hadi Mei ni mvua ya masika, tope lake utalijua.

Wazazi wanakuja graduwesheni yangu. Nijiandae na nini?

Kwanza makaratasi yao. Mzazi kutoka nchi nyingi za Jumuiya haombi eTA (kibali cha kuingia Kenya) wala viza, ila pasipoti ama hati ya kusafiria lazima, na pasipoti za kwetu haziiva kwa wiki moja, anza kumsumbua mzee miezi mitatu kabla. Ndugu wa kutoka Ulaya au Marekani ndiyo anaomba eTA mtandaoni, ilianza Januari 2024, na aombe siku kadhaa kabla.

Vyuo vingi vinatoa kadi za wageni chache, mara nyingi mbili, na wewe una shangazi, babu, na mchungaji waliopanda basi pamoja. Waambie ukweli mapema nani ataingia uwanjani na nani atasubiri kwenye chakula. Waje siku moja kabla, walale karibu na chuo, kwa sababu asubuhi ya graduwesheni Thika Road haitembei. Maua nunua City Market mjini, mlangoni mwa chuo yanauzwa bei ya juu. Mpiga picha kubaliana naye bei kabla hajainua kamera, atakupiga hata kama hukumuita na atakufuata.

Mama akitaka kukutana na lekchara wako kumshukuru, mpeleke. Wakenya wanapenda hilo, na wewe barua ya mapendekezo bado utaihitaji.

Pesa kutoka nyumbani inafikaje bila kukatwa sana?

M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinatumiana moja kwa moja tangu 2015. Kutoka Uganda na Rwanda pia kuna njia za simu kwenda simu. Laini unasajili kwa pasipoti yako mwenyewe, usitumie iliyosajiliwa na rumimeti, siku atakayohama na hiyo ndiyo inayopokea karo utalia. Linganisha makato kabla ya kutuma kiasi kikubwa, na mwambie mzee atume mara moja badala ya kidogo kidogo.

Nasikia 2027 kuna uchaguzi, itaathiri likizo?

Ndiyo. Uchaguzi mkuu ni Jumanne 10 Agosti 2027. Watu wengi wamejiandikisha kupiga kura mashambani, kwa hivyo ile wiki ya kabla yake nauli itakuwa kama ya Krismasi, na miaka ya uchaguzi vyuo hupenda kufunga mapema. Kama una likizo Agosti, iwe ya nyumbani, uondoke Julai mwishoni na urudi matokeo yakishatangazwa na kesi ya Mahakama ya Juu, kama itakuwepo, ikiisha. Kesi ya urais inaamuliwa ndani ya siku 14 baada ya kufunguliwa, kwa hivyo kata tiketi ya kurudi inayokubali kubadilishwa tarehe, hata kama ni ghali kidogo.